Deli gani la kwenda nalo Rufiji siku nne? Mwaka jana nyama ilituozea siku ya pili

Mkazi wa Tabata

Wakuu habari za jioni. Mwezi wa tisa tunarudi tena Rufiji, tuko watu wanane, tunatoka Dar alfajiri kupitia Mkuranga, Kibiti mpaka Mloka, kuanzia hapo ni boti, siku tatu mtoni na ya nne ni kurudi, kulala ni kwenye mahema. Ishu yangu ni ubaridi. Mwaka jana nilinunua deli Kariakoo, kubwa, la bluu, zuri kwa macho, muuzaji akaniapia barafu inakaa siku tano. Basi siku ya pili saa nane mchana nafungua nitoe nyama ya mishkaki nakutana na supu ya vuguvugu, kilo sita za ng'ombe zinaelea na pakiti za maziwa na nyanya zilizopasuka, harufu ilivyotoka mpaka nahodha akaomba tukalifungulie nchi kavu. Tukala ugali na dagaa siku zilizobaki, na hao dagaa tuliuziwa na wavuvi tuliowakuta njiani. Mpaka leo shemeji yangu ananiita Bwana Nyama.

Sasa kuna jamaa ana deli la kizungu, yale mazito yenye kuta nene na mpira kwenye mfuniko kama mlango wa friji, anataka laki sita na nusu. Mwingine ananiambia achana nalo chukua mawili ya kawaida. Nipeni ukweli, tofauti ipo au nanunua jina?

Binti Feri

Pole Bwana Nyama 😂 Kabla hujatoa laki sita nijibu kwanza, barafu ulibeba kiasi gani, na vinywaji uliviweka vikiwa vya baridi au vya dukani?

Mkazi wa Tabata

Dada barafu nilichukua kwa jirani anayeuza, zile za chupa, kama kumi hivi. Maji na soda tulinunua Kibiti njiani, vilikuwa juani nje ya duka, tukavitumbukiza humo humo.

Binti Feri

Basi deli halina kosa kaka, umelionea. Mimi napokea samaki pale Feri napeleka Morogoro na Dodoma, ukikosea barafu unakosa mtaji, kwa hiyo hii hesabu naijua kwa kuumia. Kilo moja ya barafu mpaka iyeyuke yote inanyonya joto sawa na la kushusha lita moja ya maji nyuzi 80. Sasa chukua chupa 24 za nusu lita, hizo ni lita 12, zina nyuzi 30 za jua la Kibiti, unataka zifike 5. Hapo zinakula karibu kilo nne za barafu, na bado hujagusa nyama, hujagusa soda, hujahesabu deli lenyewe ambalo lilikuwa stoo limepata moto. Yaani barafu yako iliishia kupoza maji ya kunywa, nyama ikabaki yatima.

Fanya hivi. Vinywaji vyote vilale kwenye friji siku mbili kabla. Nyama igande kabisa kwenye friza, iwe jiwe, itakuwa barafu ya ziada. Na deli lenyewe usiku wa kuamkia safari litie barafu yoyote ya hovyo, lifunge, asubuhi imwage ndo upange barafu ya safari. Watu wanaona hiyo ni kupoteza barafu lakini zile kuta zinakuwa zimeshapoa, hazina cha kunyonya tena.

Halafu chukua bonge, usichukue ya kusaga. Ya kusaga ni nzuri kwa samaki kwa sababu inaingia kila upenyo na kupoza haraka, ila kwa kukaa siku nyingi bonge ndio mwenyewe. Kama huna pa kununua bonge gandisha mwenyewe kwenye madumu ya lita 5, usijaze mpaka shingoni maana maji yakiganda yanavimba dumu linapasuka. Uzuri wake ikiyeyuka unayo maji safi ya kunywa na hailowanishi kitu. Ila barafu ya Feri ya samaki usije ukaitia kwenye juisi, nakuomba sana.

Kasia Mbili

Dada hapo juu kamaliza nusu ya kazi, nusu nyingine ni namna ya kufungua. Mimi nimekaa Livingstone misimu miwili (nilienda kwa Tazara kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 za kukaa na kufikiria maisha), nilianza kubeba mizigo nikaishia kupiga kasia kwenye maraft ya Zambezi chini ya Victoria Falls. Safari ndefu zinachukua siku tano na zaidi, korongoni hakuna duka, jua linawaka kwenye mawe meusi kama upo kwenye oveni, na wageni wanataka siagi ngumu siku ya nne.

Siri yetu ilikuwa moja, deli la vinywaji ni lake na deli la chakula ni lake. La vinywaji linafunguliwa kila dakika, hilo lisamehe, lipe hata lile la bluu la Kariakoo. La chakula linafunguliwa mara moja kwa siku, jioni, na mtu mmoja tu, mpishi. Na humo ndani unapanga kinyume, chakula cha siku ya mwisho kinakaa chini kabisa juu ya bonge, cha kesho kinakaa juu, ili usifukuefukue mfuniko ukiwa wazi. Tulikuwa tunaandika kwenye mfuniko kwa maka peni nini kipo upande gani. Deli la siku ya nne tulikuwa tunalizungushia soltepu pale mfuniko unapokutana na mwili, halifunguliwi mpaka siku yake, ukimkuta mtu kabandua ni kesi.

Nafasi tupu ndani jaza taulo au magazeti, ile hewa kila ukifungua inatoka ya baridi inaingia ya moto.

Kuhusu laki sita na nusu. Tofauti ipo, sitakudanganya. Yale mazito plastiki yake inaumbwa kipande kimoja kwenye kinu kinachozungushwa, kuta zinashindiliwa foma nene, na mfuniko nao una foma. Yeti ndio waliyapa umaarufu, ndugu wawili wa Texas walioanza 2006, sasa hivi kila mtu anaiga. Kwenye raft yanafaa pia kwa sababu unakalia, unapigilia mikanda, likigonga mwamba halipasuki. Ila lina kilo nyingi likiwa tupu na nafasi ya ndani ni ndogo kuliko unavyoliona kwa nje. Kwa siku nne na boti lenye injini mimi nisingenunua.

mzee wa kizibo

Vijana mnasahau jambo la msingi, MAJI YATOLEWE. Kila asubuhi fungua kile kizibo cha chini maji yamwagike. Barafu ikikaa kwenye maji inayeyuka haraka, hii kila mvuvi anaijua.

Kasia Mbili

Mzee wangu shikamoo, lakini hapo nakataa. Yale maji bado yako karibu na nyuzi sifuri, ni ya baridi kuliko chochote utakachokipata Mloka. Ukiyamwaga nafasi yake inaingia hewa ya moto, na kinywaji kilichozama kwenye maji ya barafu kinapoa haraka kuliko kilichokaa juu ya mabonge.

mzee wa kizibo

Marahaba. Wewe ulikuwa unabeba bia za wazungu, mimi nilikuwa nabeba changu na kolekole kutoka Kilwa. Samaki akilala kwenye maji ya damu anaoza tumbo kabla ya kichwa. Nyama hivyo hivyo.

Binti Feri

Mzee uko sahihi kwa samaki na nyama, huyu kaka yuko sahihi kwa soda. Ndo maana kasema madeli mawili. La nyama maji yamwagwe, au barafu iwe kwenye madumu kusiwe na maji ya kuhangaika nayo. La soda yaachwe. Nyama yenyewe iwe kwenye madishi yanayofunga, sio kufungiwa kwenye gazeti, damu isichuruzike kwenye matunda. Na mwaka huu beba kipimajoto kidogo kiweke humo ndani, ikipita nyuzi 5 pika siku hiyo hiyo au mwaga, usianze kunusa nusa.

dogo wa Sinza

Wakuu kwani ile barafu kavu inayotoa moshi haifai? Nimeona kwenye video inagandisha kila kitu

Kasia Mbili

Inafaa kwa anayeijua. Ile ni hewa ya kaboni iliyogandishwa, nyuzi 78 chini ya sifuri, ukiishika kwa mkono mtupu inakuunguza kama moto. Na inageuka gesi, ukiiweka kwenye deli lililozibwa kabisa linaweza kupasuka, ukiiweka kwenye gari vioo vimefungwa mnakosa hewa wote. Watu wanane kwenye Noah mpaka Mloka? Hapana dogo.

Fundi Aluminiamu

Bwana Nyama hebu gonga mfuniko wa hilo deli la bluu kwa kidole, kama unalia kama ngoma basi ndani ni tupu, hauna kitu. Mengi ya bei ya chini yako hivyo, kuta zina foma ila mfuniko ni hewa. Mimi langu nilitoboa matundu sita upande wa ndani kwa drili, nikapulizia foma ya kopo, ile tunayozibia kwenye fremu za madirisha. Pulizia kidogo kidogo maana inavimba, ukijaza mara moja mfuniko unapinda haufungi tena (la kwanza nililiharibu hivyo). Ikikauka kata iliyotoka nje, ziba matundu kwa silikoni. Kopo moja linatosha.

mzee wa kizibo

Na gunia. Lowanisha gunia la katani lifunike juu, upepo ukipita linapoza kama mtungi wa udongo. Hapa Dar halisaidii sana, hewa ina unyevu, ila huko mwezi wa tisa kukavu utaona. Na liweke kivulini, chini ya benchi la boti, sio juu ya bati la moto.

Binti Feri

Usiku deli lisikae nje ya hema jamani, lirudi kwenye boti au gari. Nyani mfuniko anafungua vizuri kuliko shemeji yako. Machungwa na maembe ndo kabisa, tembo anayasikia harufu toka mbali.

dogo wa Sinza

Si mnaweza kufunga soda kwenye wavu mkazining'iniza mtoni? Wamarekani wanafanya hivyo Grand Canyon

Kasia Mbili

Mto Colorado pale unapata maji kutoka chini ya bwawa la Glen Canyon, ni ya baridi kweli, mguu unakufa ganzi. Rufiji maji ni ya vuguvugu. Na nani anaenda kuuvuta huo wavu jioni, wewe? Mamba watakushukuru.

Mkazi wa Tabata

Wakuu narudi na mrejesho. Nimegonga mfuniko, ulilia kama ngoma ya Mdundiko. Nimetoboa, nimepulizia foma, umepinda kidogo upande mmoja lakini nikibana na mkanda wa kufungia mzigo unakaa. La laki sita na nusu nimeliacha, nimeongeza deli la kawaida dogo la vinywaji. Ijumaa usiku nikaanza kujaribu hapa hapa kibarazani, nilipoza deli kwanza kama Binti Feri alivyosema, nikatia madumu mawili ya lita 5 yaliyoganda na kuku wawili mawe, nikajaza taulo, nikazungushia soltepu.

Jumapili asubuhi kipimajoto kinasoma 2. Jumatatu asubuhi 4, madumu bado yana bonge katikati ukiyatikisa unalisikia linagonga. Kuku wa chini hata kisu hakiingii.

Ningewapa na majibu ya Jumanne ila nimerudi kutoka kazini jana jioni nimekuta soltepu imebanduliwa na kubandikwa upya, imekaa upande. Shemeji anasema alikuwa anaangalia kama nyama imeoza.