Timu ya ngoma ya morris: mialiko 23, wachezaji 8. Nifanyeje?

Mtanga_Ughaibuni:
Wakuu, heshima kwenu. Nipo huku karibu na Oxford kikazi. Miaka mitatu iliyopita niliwakuta wazee nje ya baa wamevaa mashati meupe, njuga miguuni, wanapunga leso na kugonganisha fimbo. Ndiyo hiyo morris, ngoma ya jadi ya Waingereza. Nikajisemea, hii si kirumbizi hii? Nikaomba kujiunga, wakanipokea kwa mikono miwili.

Majira ya baridi ni mazoezi tu ukumbini, Mei mosi ndiyo tunatoka. Mwaka huu wamenipa ukatibu (cheo wanakiita "mtu wa mkoba", msicheke, hakuna uganga). Kwa kuona haya nikamkubalia kila aliyetualika: Mei mosi alfajiri mjini, kila Jumatano jioni baa za vijijini mpaka Agosti, maonyesho ya shule, hadi harusi. Jumla 23. Wachezaji tuko 8, na ngoma zetu karibu zote zinataka watu 6. Jumatano iliyopita tulikuja 4. Mpiga konsetina (kinanda kidogo cha mkononi) akapiga nyimbo tatu peke yake huku sisi tumeshika fimbo kama walinzi. Mzee wetu mmoja goti limevimba, na bado anasema yuko fiti.

Nifute baadhi? Mkuu wa timu nimemuuliza, kasema "tutaona". Hiyo "tutaona" yake naijua.

Kipanga76:
Umejitakia mkuu. Futa nusu, leo. Mwenye baa ukimwambia mapema hana neno, kinachomuudhi ni kukungoja na wateja wake.

Bi Shani:
Usifute mwanangu, unganisha. Mimi nilicheza huku miaka sita. Tafuta timu jirani mtoke pamoja Jumatano: wao wanacheza moja, nyie mnapumua, mnacheza moja. Ngoma kumi na mbili zinakuwa sita, goti la mzee linashukuru, na watazamaji wanapata zaidi. Wengi ndivyo wanavyofanya.

Mwana wa Amu:
Samahani kuuliza. Si hawa waliokuwa wakijipaka weusi usoni? Wewe unachezaje nao?

Mtanga_Ughaibuni:
Swali la haki, kaka. Hao ni wa mtindo mwingine, wa mpakani na Wales, wanaovaa makoti ya viraka. Sisi ni wa mtindo wa Cotswold, eneo la vilima huku kwetu, hatujipaki. Na 2020 vyama vyote vitatu vya timu za morris vilitangaza kuachana na huo weusi wa uso mzima. Siku hizi utawaona na kijani au zambarau. Ningeukuta kwenye timu yangu nisingekaa hata siku moja.

Mwana wa Amu:
Haya, nimekuelewa. Ila kwa fimbo, kirumbizi chetu kina ukali zaidi 😂

Bi Shani:
Tena nimekumbuka. Mkiwa wachache msisimame bure, kuna jigi za mtu mmoja au wawili. Ile ya kurukaruka juu ya viko viwili vya udongo vilivyolazwa msalaba, watoto wanaipenda mno. Mfundishane wawili watatu. Na Jumatatu ile ya sikukuu mwishoni mwa Mei msikubali mwaliko wowote. Nendeni kijiji cha Bampton mkatazame, timu za huko zinacheza kutwa nzima, mpaka kwenye bustani za watu.

Kipanga76:
Na uliza nani anakuja KABLA ya kukubali, siyo baada. Kundi la WhatsApp kazi yake nini?

Mtanga_Ughaibuni:
Mrejesho: timu jirani wamekubali Jumatano saba. Maonyesho mawili ya shule nimeyafuta, imeniuma lakini walimu wameelewa. Jigi ya viko tumeanza jana, nimevunja kiko kimoja.

Iliyobaki ni harusi. Siwezi kuifuta, bibi harusi ni mpwa wa mpiga konsetina.

Bi Shani:
Hiyo mtacheza hata mkiwa wawili.