Jina la Coaster: niandike "Simba" au "Mwalimu"?

Kibosho_Juu: Wakuu, habari za leo. Nimepata Coaster na fundi wa stika ananisubiri Moshi mjini. Kilichobaki ni jina la kioo cha nyuma. Nina mawili, Simba na Mwalimu. Nipeni ushauri, nataka jina ambalo abiria akiliona anapanda.

Konda_wa_Sakina: Ruti gani? Rangi gani? Gari lako peke yako au mna ubia? Hujasema kitu mkuu.

Mama Tengeru: Mwalimu, hakuna mjadala. Mtanzania yeyote akilisoma anamwona Nyerere. Na sisi wa Arusha tuna haki nalo, Azimio la 1967 lilipitishwa hapa kwetu.

Msimbazi_Damu: Simba! Jina lina nguvu, mtoto wa chekechea analijua.

Mzee wa Pasua: Vijana mkisikia Simba mnawaza mpira tu. Klabu yenyewe ilikuwa Sunderland hadi 1971. Kwangu Simba ni Rashidi Kawawa, Simba wa Vita. Mwalimu alipoacha uwaziri mkuu Januari 1962 akakijenge chama, nchi alimwachia nani? Kawawa, na hakumgeuka. Kwa hiyo Kibosho, majina yako yote mawili ni ya watu waliofanya kazi pamoja. Andika lolote, utakuwa umeheshimu.

Dereva_Mbauda: Mzee shikamoo. Heshima ipo, lakini barabarani abiria hamfikirii Kawawa. Niliendesha Hiace ya tajiri mmoja, nyuma SIMBA kwa herufi nyekundu, kioo kizima. Tajiri hana habari na mpira, alimpenda tu mnyama. Siku za kawaida hakuna neno. Ikija mechi na Yanga, taabu. Simba ikifungwa, stendi nzima inazomea, watu wanapiga bodi kwa viganja, konda anabishana badala ya kudai nauli. Ikishinda ndiyo mbaya zaidi, maana wa Yanga hawapandi, wako tayari kungoja gari la nyuma mvua ikiwanyeshea. Jioni moja nimetoka Kilombero, nimekwama kwenye foleni, kijana akaja nyuma akabandua herufi mbili za mwanzo kwa kucha. Gundi ikabaki pale imeshika vumbi. Tajiri akataka nilipe stika mimi, na hesabu ya siku hakupunguza hata shilingi.

Msimbazi_Damu: Pole kaka, ila tatizo hapo ni rangi nyekundu. Mwandikie kwa bluu. Simba ni wengi: Diamond Platnumz anaitwa Simba, Haile Selassie alikuwa Simba wa Yuda, Senegal ni Simba wa Teranga, Cameroon Simba Wasiofugika. Hata saruji ya Tanga ni Simba. Wote hao wa Msimbazi?

Dereva_Mbauda: Kamwambie hivyo mpiga debe wa Yanga siku ya mechi.

Kibosho_Juu: Asanteni. Ruti ni Moshi–Arusha, gari jeupe. Nusu ya hela katoa shemeji yangu, na yeye ni Yanga damu.

Konda_wa_Sakina: Hilo ndilo la kuanza nalo! Shemeji anasemaje?

Mama Tengeru: Basi Mwalimu. Hana timu.

Msimbazi_Damu: Mwalimu zipo nyingi mno barabarani. Abiria akisahau mzigo atasema gari gani?

Mzee wa Pasua: Kama mnataka jina la huku, mbona hakuna aliyemtaja Mangi Meli, chifu wa Wachaga wa Old Moshi? Wajerumani walimnyonga Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na mjukuu wake ameliulizia fuvu lake Ujerumani miaka mingi. Watoto wa Moshi wanapita na magari yenye majina ya wachezaji wa Ulaya, huyu hawamjui.

Konda_wa_Sakina: Mzee, mti alionyongewa bado upo?

Mzee wa Pasua: Upo. Unapandia Kiboriloni. Ukifika juu uliza mtu yeyote, atakupeleka.

Mama Tengeru: Baba, Jumapili magari ya kupanda huko yapo? Wajukuu wangu wanafunga shule, nataka niwapeleke.