Chembe za chuma zinazotibu saratani kwa joto na kemikali: je, zinahusiana na vidonge vya chuma?

Mpwa wa Bagamoyo aliuliza:

Salaam, ndugu zangu. Shangazi yangu yuko katikati ya tiba ya saratani, na muuzaji mmoja wa virutubisho amemshawishi ameze vidonge vya chuma kwa wingi, akidai kuwa watafiti wamethibitisha kwamba chuma huunguza saratani. Nimesoma kidogo na kukuta kwamba kweli zipo tafiti za chembe ndogo mno za chuma zinazoshambulia uvimbe kwa joto na kemikali kwa pamoja. Naomba mwenye elimu anieleze zinavyofanya kazi, na kama vidonge hivyo vinahusika.

Mkemia alijibu:

Ndugu yangu, vinashirikiana jina tu. Chuma cha vidonge hufyonzwa utumboni na sehemu kubwa huishia kutengeneza himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni; hakuna kinachokielekeza kwenye uvimbe, na seli za saratani zenyewe zinakihitaji chuma ili zigawanyike. Asivimeze bila daktari wake kujua.

Chembe ulizosoma habari zake ni za oksidi ya chuma. Zile za kampuni ya MagForce ya Berlin, iliyopata kibali cha Ulaya mwaka 2010, zilikuwa na upana wa nanomita 12 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita) na zilidungwa moja kwa moja ndani ya uvimbe wa ubongo. Mgonjwa aliwekwa kwenye uga wa sumaku unaogeuka mara 100,000 kwa sekunde, usumaku wa kila chembe ukalazimika kuufuata, na nishati inayopotea katika kugeuka huko ndiyo inayokuwa joto. Katika jaribio la wagonjwa 59 ambao uvimbe wao ulikuwa umerudi, lililochapishwa mwaka 2011, joto liliambatanishwa na mionzi, na nusu yao waliishi zaidi ya miezi 13 tangu ugonjwa ulipogundulika kurudi. Lakini halikuwa na kundi la kulinganisha. Hata vijazio vya metali vya meno iliwapasa waviondoe kwanza, maana uga huo hupasha metali yoyote iliyo karibu.

Upande wa kemikali unatokana na mmenyuko alioueleza Mwingereza Henry Fenton mwaka 1894: ayoni za chuma zikikutana na haidrojeni peroksaidi huzaa radikali kali, yaani molekuli zisizotulia, zinazoharibu mafuta, protini na DNA. Uvimbe mwingi una peroksaidi kuliko tishu za kawaida, tena una asidi kidogo inayosaidia chembe kuyeyuka. Joto huharakisha mmenyuko huo, na likifika nyuzi 43 hivi huidhoofisha seli isiweze kukarabati DNA yake, ndipo dawa za saratani kama cisplatin hupata nafasi. Kwa hiyo joto halikai kando likifanya kazi yake peke yake.

Mpwa wa Bagamoyo:

Ahsante sana. Ikiwa ndivyo, mbona shangazi hakupewa?

Mfamasia wa wodini alijibu:

Kwa sababu kazi nyingi ya kuunganisha joto na kemikali kwa chembe hizi bado iko kwa panya. Zikidungwa mshipani, ini na wengu huzinasa: uchambuzi wa tafiti za miaka kumi kuhusu chembe ndogo mno za aina mbalimbali, uliotolewa mwaka 2016, uliona kwamba kiasi cha kati kinachoufikia uvimbe ni asilimia 0.7 tu ya dozi. Uga wa sumaku nao hauwezi kuongezwa tu, kwani hupasha hata nyama isiyo na uvimbe.

Nadhani najua muuzaji alikolitoa dai lake. Ipo dawa ya chembe za chuma, ferumoxytol, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2009 kwa upungufu wa damu wa wagonjwa wa figo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba ilipunguza ukuaji wa uvimbe kwa panya kwa kuziamsha seli za kinga. Hiyo ni dripu, si kidonge, nayo hubeba onyo la mzio unaoweza kuua.

Joto pamoja na dawa, bila chuma, lina ushahidi kwa binadamu. Nchini Uholanzi na Ubelgiji, wanawake 245 wenye saratani ya ovari iliyosambaa walifanyiwa upasuaji, na nusu yao tumbo likaoshwa kwa cisplatin ya nyuzi 40 kwa dakika 90. Muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 45.7, dhidi ya 33.9 kwa wasiooshwa.

Mpwa wa Bagamoyo:

Nimemsomea shangazi majibu yenu. Vidonge tumevifunga kwenye mfuko pamoja na karatasi yake ya maelezo, na Jumatano tutavipeleka kliniki daktari avione.