Tupeane uzoefu: siku ndege (au lori) ilipokata kona isiyo yake

Mwewe wa Winam
Wadau, juzi nilikuwa Dunga, ufukweni mwa Kisumu, nakula ngege, jamaa wa meza ya pili akaniuliza kama rubani anaweza kupotea na vyombo vyote vile mbele yake. Nikacheka, kisha nikanyamaza, maana kisa ninacho.

Mimi ni rubani msaidizi. Mkaaji wa Kisumu anajua: asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, alasiri ziwa huurudisha. Kwa hiyo asubuhi mara nyingi tunatua kwa njia ya 06 (barabara ya kutua ni moja, ila kila mwelekeo una namba yake), tukiingilia upande wa ziwani. Alasiri ni 24, maji yakiwa mbele. Siku hiyo ilikuwa karibu saa sita, upepo haujaamua. 06 nilikuwa nimeshaiingiza kwenye kompyuta inayoongoza ndege tangu tukiwa juu ya Bonde la Ufa. Tunashuka, mnara wa kuongozea ndege ukasema 24. Nikabadilisha mbio mbio, mdomo uko redioni, jicho liko kwenye orodha ya ukaguzi. Shida ni kwamba ukibadilisha namba ya njia, vituo (alama za angani ambazo ndege huzifuata) vya ule utaratibu wa kwanza vinaweza kubaki usipovifuta. Nilikiacha kimoja, kule majini. Badala ya kuvuta kulia, pua ya ndege ikaanza kwenda kushoto, polepole kabisa, kama ng'ombe anayejua njia ya kwao.

Kapteni, mama mmoja mpole, hakupiga kelele. Aliweka kidole kwenye skrini, palepale mstari ulipopinda, akauliza: "Kijana, hii inatupeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Akazima otopailoti, akaigeuza ndege kwa mkono, akaniambia nifute yote nianze upya, kila jina nilitaje kwa sauti. Nilitaja. Sauti ilikuwa inatetemeka, sitaficha.

Haya, nani mwingine?

Tanboi Mstaafu
Mimi sijui ndege, najua lori. Mwaka huo tulipakia mzigo Nakuru, mdosi akasema, "Peleka Manyatta," yaani ule mtaa wa Kisumu. Dereva mgeni, simu mpya, akaandika Manyatta, akabonyeza ya kwanza iliyotokea. Mimi nikalala. Kuamka naona pundamilia kando ya barabara na mlima wa Longonot uko mbele yetu. Nikamuuliza, "Kaka, tangu lini Kisumu inapitia Naivasha?" Alikuwa ameshika njia ya Manyatta ya Embu! Dizeli ya kurudi tulikatwa sisi wawili, na mimi nilikuwa nimelala tu.

Mwewe wa Winam
Tanboi, umechekesha, lakini kosa hilohilo limeua watu. Tarehe 20 Desemba 1995, ndege ya American Airlines ikitoka Miami kwenda Cali, Colombia. Usiku, wamechelewa, na Cali iko bondeni kati ya milima. Wakapewa njia ya mkato: watue moja kwa moja badala ya kupita uwanja na kugeuka. Wakakubali. Walitaka kituo cha redio cha kuongozea ndege kiitwacho Rozo, ambacho kwenye ramani ya karatasi alama yake ni R. Wakaandika R, wakachukua cha kwanza kwenye orodha. Kumbe kwenye ile kompyuta hicho kilikuwa Romeo, kule karibu na Bogotá. Rozo ilitaka jina zima. Ndege ikakata kushoto, kuelekea mashariki. Walipogundua na kugeuza, mlima ulikuwa tayari kati yao na uwanja. Walikuwa 163, wakapona 4.

Nikiona miinuko ya Nandi upande wa kulia tunapoingia Kisumu, hiyo R huwa inanijia.

Sauti ya Mnara
Nimestaafu kuongoza ndege. Vijana mnalaumu kompyuta, lakini sikio nalo ni mtambo mbovu. Kisa cha Nairobi cha Septemba 1974 ndicho nilichokuwa nikiwasimulia wageni kazini. Jumbo (Boeing 747) ya British Airways inakuja, mnara ukairuhusu ishuke hadi futi saba-tano-sifuri-sifuri. Marubani wakasikia tano-sifuri-sifuri-sifuri. Wakarudia hivyo redioni, na hakuna aliyewasahihisha. Sasa pigeni hesabu: uwanja wa Nairobi wenyewe uko zaidi ya futi 5,300 juu ya bahari. Walikuwa wanashukia chini ya ardhi! Walipotoka mawinguni nyasi zilikuwa hapo usoni, wakavuta juu. Zilibaki kama futi 70 tu.

Yangu ni ndogo kuliko hiyo. Zamu ya jioni, mvua inapiga kioo, rubani akarudia kimo tofauti na nilichompa, nami nikasema "sawa", kwa sababu sikio langu lilisikia nilichotarajia kusikia. Ni mwenzangu wa kiti cha pembeni, akiwa na kikombe cha chai mkononi, aliyenigonga bega. Nikamwita rubani tena. Ile chai niliimalizia mimi.

Nyar Kondele
Kumbe! Basi na mimi nina swali langu la siku nyingi. Natoka Nairobi, nimekaa dirishani upande wa kulia, naiona Dunga chini, nikafunga mkoba wangu vizuri. Tukageuka, tukashuka, magurudumu yakatoka, halafu injini zikanguruma tukapaa tena. Dakika kadhaa, Dunga hii hapa mara ya pili! Sauti ikasema tulikuwa juu mno, tunazunguka. Mwewe, hiyo ni kosa?

Mwewe wa Winam
Kuchelewa kushuka ndilo kosa, dada. Kuzunguka ndiyo dawa yake. Angelazimisha kutua ndipo ungekuwa na kisa kibaya.

Nyar Kondele
Sawa. Maana mzee niliyekaa naye alinishika mkono wote ule mzunguko, na tulipotua akaninong'oneza, "Min (mama), huu wa pili watatulipisha?"