Naombeni ushauri: nataka kumwandikia barua kwa maneno ya Catherine wa Wuthering Heights

MkataMajani:
Wakuu habari za jioni. Kuna dada tumelelewa nyumba moja, Marangu. Yeye ndiye aliyenipa riwaya ya Emily Brontë, aliisoma chuoni, akaniambia "soma, utajikuta humo". Nimeimaliza mara mbili. Nataka kumwandikia barua na kuweka yale maneno ya Catherine anapomwambia Nelly kwamba yeye na Heathcliff, yule kijana aliyelelewa kwao, ni nafsi moja. Niyatafsiri kwa Kiswahili au niyaache kwa Kiingereza? Familia isiwape shida, kaka yake kwa sasa hana la kusema mbele yangu.

Ngosha_wa_Magu:
Barua? Mkuu, tuma muamala na ya kutolea uweke. Tafsiri ataifanya mwenyewe.

MwlKidatoChaTano:
Mleta uzi, hayo maneno yako sura ya 9. Kabla hujayatumia, tazama yamesemwa wapi. Ni jikoni, Catherine ameshamkubali Edgar Linton, na anamweleza mtumishi wa nyumba kwa nini. Anasema kuolewa na Heathcliff kungemshusha hadhi. Heathcliff yuko palepale gizani, kwenye benchi, anasikia hilo la kushushwa hadhi, anainuka na kutoka. Yale matamu ya nafsi moja yanakuja akiwa ameshaondoka, kwa hiyo hakuyasikia. Unataka kumpa mwanamke maneno ambayo Catherine aliyasema akiwa ameshachagua nyumba ya mwingine. Nikuulize: huyu dada ana mtu?

MkataMajani:
Mwalimu, nashukuru. Ana mchumba, ndiyo. Mahari imeshapokelewa, sendofu ni Desemba. Lakini mahari si ndoa. Na yule jamaa amechaguliwa na ukoo kwa sababu ana ofisi Dar na baba yake ana jina.

MamaPili:
Mwanangu, mahari ikishapokelewa, wazee wameshakaa wakala wakanywa. Usiende kuvunja. Mimi nilimkataa mwenye lori nikaolewa na fundi baiskeli, na kwetu wakakaa miaka bila kukanyaga kwangu. Leo huyohuyo fundi ndiye aliyemuuguza mama yangu. Ila nilikataa mapema, kabla mtu hajaleta hata mbege. Mapenzi yana saa yake.

BintiWaChumbageni:
Mama Pili nakubaliana na wewe, lakini tusimwonee Catherine. Huyu ni mtoto aliyekuwa akikimbia nyikani peku na Heathcliff. Siku moja wanachungulia dirishani kwa akina Linton, mbwa anamng'ata mguu. Yeye anabebwa ndani, anaoshwa miguu, anapewa keki. Heathcliff anafukuzwa kwa sura yake. Kosa ni moja, walichungulia wote wawili. Amekaa kule wiki tano, amerudi na gauni la hariri, anaogopa hata kuwashika mbwa wa kwao wasimchafue, na anamcheka Heathcliff kwa uchafu wake. Tabaka liliingia kati yao kwa sabuni na gauni, kabla mtu yeyote hajataja ndoa.

Apolo_Mstaafu:
Mimi nimekwama kwenye sentensi ya mwisho ya uzi. Kaka "hana la kusema mbele yangu". Kwa nini hana? Mkuu, hapo umepita haraka mno.

MkataMajani:
Sawa, naeleza. Nilipelekwa kwao mdogo, nikate majani ya ng'ombe, nami nisome. Mzee alinitendea kama mwanawe, tulikula sinia moja. Alipofariki, kaka mkubwa alinitoa shule, akanihamishia kulala stoo, na siku za wageni nilikula nyuma ya zizi. Nikaondoka kwenda Mererani, machimboni, Mungu akanijalia. Niliporudi nikamkuta kaka anabeti kila siku. Alikuja mwenyewe kukopa, mara nyingi. Mwisho akaweka kihamba, yaani shamba la ukoo, rehani, tukaandikiana kwa mwenyekiti wa kitongoji. Karatasi ninayo. Sikumlazimisha. Nataka siku ya sendofu ukoo wote ujue wamekaa kwenye ardhi ya nani.

Ngosha_wa_Magu:
CHAI. Chai ya maziwa na tangawizi. Kijana wa kulelewa, mzee anakufa, kaka anamshusha awe mtumwa, kijana anapotea, anarudi na hela, kaka mcheza kamari anaweka shamba rehani. Hiyo ni Wuthering Heights yote, umebadilisha karata ukaweka kubeti. Bado useme una shemeji anaitwa Isabella.

Apolo_Mstaafu:
Na mimi nimeanza kunusa chai. Mererani watu hatuandiki hivi.

MkataMajani:
Sijatunga. Heathcliff aliokotwa mitaani Liverpool, mimi nilipelekwa na bibi yangu kwa miguu yake. Nani alisema mambo haya yalitokea Yorkshire tu? Kwa nini mnadhani yule dada alinipa kitabu hicho na si kingine?

BintiWaChumbageni:
Hata mwandishi mwenyewe alishukiwa. Kitabu kilitoka mwaka 1847 kwa jina la Ellis Bell, na dada zake nao walikuwa Currer na Acton Bell, watu wakadai wote ni mtu mmoja. Emily alifariki Desemba 1848, ana miaka 30, na ilibidi Charlotte aeleze ukweli katika toleo la 1850. Kwa hiyo iwe chai au isiwe, jibuni swali. Kuna mtu mwingine anasoma hapa ana karatasi ya kaka wa mtu kabatini.

MwlKidatoChaTano:
Nakubaliana na Binti. Mleta uzi, umesoma mara mbili lakini nadhani umemsoma Heathcliff peke yake. Tazama silaha zake. Anatumia rehani, wosia na vyeti vya ndoa, vitu vilevile vilivyowafanya Earnshaw, yaani kwao Catherine, na Linton wawe mabwana. Hindley, kaka wa Catherine, anakufa, deni linampa Heathcliff nyumba. Anamwoa Isabella, dada wa Edgar, bila kumpenda, na usiku wa kutoroka naye anamtundika mbwa wake kwa leso. Baadaye anamfungia binti wa Catherine mpaka aolewe na mwanawe mgonjwa, ili na ardhi ya Linton imfuate. Hakuvunja ngazi hata moja, alipanda tu akakanyaga waliokuwa chini. Na aliyelipa zaidi ni Hareton, mtoto wa Hindley. Heathcliff alimnyima kusoma makusudi, kama yeye alivyonyimwa na Hindley, akawa kibarua asiyejua herufi katika nyumba yenye jina la babu zake mlangoni. Hareton alimkosea nini? Sasa nijibu: kaka ana mtoto?

MkataMajani:
Ana wa kiume, darasa la tatu. Mtoto hahusiki.

MamaPili:
Atahusika vipi asihusike, na kihamba ni chake? Babu yake amezikwa hapo. Mzee aliyekulisha sinia moja amezikwa hapo!

Apolo_Mstaafu:
Sawa, tuchukulie ni kweli. Mke wa kaka alisaini? Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mtu kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kama wanaishi humo na mke hakusaini, karatasi yako ina tundu kubwa. Ona mwanasheria kabla ya kupanda jukwaani Desemba.

MkataMajani:
Mke hakuwepo siku ile. Wakuu, mnanigeuzia kibao. Fedha zangu zimetoka chini ya ardhi, nimepumua vumbi kwa ajili yake. Nisidai?

MwlKidatoChaTano:
Dai fedha yako, kwa mazungumzo, wazee wakiwepo, ulipwe kidogokidogo. Kihamba usikiguse. Na barua, kama lazima iandikwe, iandike kwa maneno yako, mwambie ulichokisikia ulipokuwa stoo na unachokitaka leo. Halafu umwache achague bila karatasi ya kaka yake mezani. Rudia sura ya 33. Heathcliff ana nyumba zote mbili mkononi, anawaona Hareton na Cathy, yule binti wa Catherine, wakisoma kitabu kimoja, na hana tena hamu ya kuinua mkono awapige.

MkataMajani:
Hiyo sura niliipita haraka. Naomba mnishauri jambo moja zaidi: nianze kwa mke wa kaka, au kwa mjomba wao?

MamaPili:
Kwa mke. Nenda asubuhi, mtoto akiwa shule.