Naombeni ushauri: jirani Mwingereza anataka mtaa usherehekee Mtakatifu George. Niingie au nikae pembeni?

mama_wawili (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Naishi mji mmoja wa Midlands, si mbali na Leicester, mwaka wa kumi na moja sasa. Mtaa wetu ni njia isiyotokea, nyumba kumi na nane. Mkabala na mimi kuna Wapoland, pembeni familia ya Kigujarati, waliobaki ni Waingereza na wengi wao wazee.

Jirani tunayepakana naye ukuta ni mzee wa miaka 79, mkewe alifariki. Mimi humwita Babu na ameshazoea, hata kadi ya Krismasi anasaini "Babu". Juzi kanigongea mlango kashika kopo la bati la biskuti. Ndani mna bendera ya England, ule msalaba mwekundu juu ya nyeupe, imekaa humo mpaka mikunjo imegeuka manjano. Aliinunua 1996 wakati wa mashindano ya Euro, na pembeni kuna alama ya pasi pale mkewe alipoiunguza. Anataka mwaka huu mtaa ufanye sherehe ya Mtakatifu George, mtakatifu mlinzi wa England. Tarehe 23 Aprili ni Alhamisi, kwa hiyo anataka Jumamosi ya tarehe 25. Meza nje, kila nyumba na sahani yake.

Halafu akashusha sauti, akaniuliza: "Nikiitundika dirishani kwangu, wewe utaogopa?"

Nilimwambia nitafikiria. Mlioko huku mnakumbuka kiangazi kilichopita, bendera hizi zilivyofungwa kwenye nguzo za taa, na kipilefti cha hapa kwetu kikapakwa msalaba mwekundu usiku. Wiki hiyohiyo mtu kituoni alinipigia kelele nirudi kwetu. Sisemi ni watu walewale. Ila mwanangu wa miaka 14 amekataa katakata, anasema hiyo ni siku ya wabaguzi na hatoki nje.

Niingie? Na nikiingia, bendera ikae wapi? Maana kwenye grupu la mtaa Babu ameshaandika "sambusa" mbele ya jina langu hata kabla sijakubali.

Mzee wa Kariakoo

Chakula cha bure, meza ya bure, unaomba ushauri. Nenda ukale dada.

kinyozi_coventry

Mzee wa Kariakoo, ukiwa Kariakoo ni rahisi kusema hivyo.

Dada, mimi nanyoa vichwa vya kila aina huku, nasikia mengi. Hiyo bendera ina historia fupi kuliko watu wanavyodhani. Tazama picha za fainali ya Kombe la Dunia 1966 pale Wembley, mashabiki wa England wanapunga bendera ya muungano, ile ya misalaba mitatu. Mwaka 1996 England na Scotland zilipangwa kundi moja, zikakutana Wembley, sasa utapunga bendera ambayo na mpinzani wako imo? Ndipo msalaba mwekundu ulipojaa viwanjani. Babu yako aliinunua wakati huo, kwa hiyo kwake ni mpira na ni mkewe. Hilo nampa.

Lakini kuna wengine waliokuja kuishika kwa nia nyingine. Na siku yenyewe imeshachafuka, Aprili 23 ya 2024 watu walikabana na polisi pale Whitehall, mtaa wa ofisi za serikali London, mchana kweupe. Ushauri wangu: nenda, kula, ila usikubali kupigwa picha chini ya bendera. Picha ikishaingia Facebook hujui itatumika na nani.

Shemeji_wa_Yorkshire

Nimeolewa na Mwingereza miaka tisa, wacha niwape ya ndani.

Hawa watu hawajui kusherehekea kwao wenyewe. Mkwe wangu anajua tarehe ya Mtakatifu Patrick kwa sababu baa zote zinageuka kijani. Ya George anaikumbuka akiona bango la baa kesho yake. Na kisheria hakuna kitu: Ireland ya Kaskazini wanapumzika Machi 17, siku hiyo ya Patrick, Scotland siku ya Mtakatifu Andrew ni sikukuu ya kisheria tangu 2007, England na Wales wanakwenda kazini kama kawaida. Corbyn, aliyekuwa kiongozi wa chama cha Labour, aliahidi 2017 kwamba akishinda atawapa mapumziko siku zote nne za watakatifu wao. Hakushinda.

Na wanaogopana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2014 mbunge Emily Thornberry alipiga picha nyumba moja huko Rochester, ina bendera tatu za George na gari jeupe la kazi nje, akaiweka Twitter. Hakuandika tusi lolote. Watu wakasema anawadharau watu wa chini, na siku hiyohiyo akajiuzulu nafasi yake ya uwaziri kivuli. Kwa hiyo Babu wa watu anapokuuliza utaogopa, jua na yeye ana hofu yake: asionekane mbaguzi na walioko juu, wala msaliti na walioko pembeni.

Halafu sisi lugha yetu inatuchanganya. Tunasema Uingereza kwa maana ya England, na Uingereza kwa maana ya nchi nzima pamoja na Scotland na Wales. Mwambie Mskoti "wewe Mwingereza" uone uso. Lakini ukichunguza, Waingereza nao walikuwa hivyohivyo, kwao England na Britain ilikuwa kitu kimoja, hawakuona haja ya kuwa na siku yao. Haja imekuja juzi tu, wenzao walipoanza kudai mabunge yao.

mtumbwi_wa_karatasi

Mnasumbuka bure. Huyo George mwenyewe si Mwingereza, inasimuliwa baba mtu wa Kapadokia huko Uturuki ya leo, mama Mpalestina wa Lida, hakukanyaga England hata siku moja. Mwambie mwanao sherehe ni ya mhamiaji mwenzenu 😂

Binti Makunduchi

Mtumbwi, hilo neno kila mwaka linarudiwa huku na wasomi wa magazetini, na kila mwaka linawaudhi watu wale wale. Watakatifu wangapi walizaliwa wanakoheshimiwa? Kwetu Makunduchi tuna Mwaka Kogwa, asili yake inasemwa ni Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi. Njoo Julai umwambie mzee wa Makunduchi kwamba sikukuu si yake ni ya Waajemi. Atakutazama tu, akurudishe kwenye shughuli.

Na hapo ndipo ninapotaka kumshika mama_wawili. Mwaka Kogwa una shughuli. Wanaume wa pande mbili wanapigana kwa mashina ya migomba, wanaume wazima, mashina yanachanika, maji ya mgomba yanawarukia watazamaji, na matusi ya mwaka mzima yanaishia pale. Kibanda cha makuti kinachomwa moto. Wanawake wanaimba nyimbo za kuumbuana. Kisha watu wanarudi majumbani kula, na kila nyumba inataka mgeni, nyumba isiyo na mgeni siku hiyo inaonekana ina kasoro. Hakuna aliyeuliza bendera iko wapi.

Sasa niambie Mwingereza Aprili 23 anafanya nini kwa mikono yake. Anavaa waridi jekundu kifuani, wachache. Skauti wanaandamana. Wapo wanaocheza ngoma ya Morris na njuga miguuni, watoto wao wenyewe wanawacheka. Basi. Siku isiyo na shughuli, mzigo wote unaubeba kitambaa, ndiyo maana kila mwenye neno lake moyoni anakivuta upande wake.

Wakatalunya wana George huyohuyo, tarehe hiyohiyo. Barcelona mwanamume alikuwa anampa mwanamke waridi, mwanamke anampa kitabu, siku hizi kila mtu anampa yeyote. Barabara zinajaa meza za vitabu. Na wala si siku ya mapumziko, watu wanatoka kazini wanapitia mezani. UNESCO walipotafuta siku ya vitabu duniani 1995 walichagua hiyo. Shakespeare naye alifariki Aprili 23, mwaka 1616. Hao Waingereza wana waridi, wana Shakespeare, wanalalamika hawana cha kusherehekea!

Na kwa faida ya Waislamu humu: Palestina, karibu na Bethlehem, kuna kijiji kinaitwa al-Khader. Kanisa lake ni la Mtakatifu George, na Waislamu wa pale humwita Khidhri na huenda kumzuru. Mzee huyu ana wenyewe wengi.

Mama, tafuta shughuli. Bendera itapata pa kukaa yenyewe.

niko_addis

Mbongo niliye Addis Ababa naongezea kidogo. Huku Giyorgis yuko kwenye bia, yuko kwenye jina la klabu kubwa ya mpira, na mjini Lalibela ana kanisa zima lililochongwa kutoka kwenye mwamba mmoja kwenda chini. Waethiopia wanaamini alikuwa nao Adwa 1896 walipowachapa Waitalia. Huku akitajwa hakuna anayeshtuka, maana msalaba wake haujatumika kumwambia mtu arudi kwao.

Wanjohi_wa_Nyeri

Kwani mmesahau Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti? Yeye ndiye aliwapa skauti Mtakatifu George awe wao, na kaburi lake liko hapa kwetu Nyeri, alikufa Januari 1941. Jiwe lina ile alama ya duara na kitone katikati, maana yake "nimeenda nyumbani". Mimi nilikuwa skauti shule ya msingi, tulipelekwa pale na lori, tukaapa viapo kwa jua kali. Mwalimu akatuhadithia jinsi George alivyoliua joka, na rafiki yangu mmoja akauliza, hilo joka lilikosea nini? Akachapwa.

Mama_wawili, kijana wako ana miaka 14. Usimwambie kuhusu England hata kidogo. Mwambie kuna joka. Hiyo ndiyo kazi ya vijana siku hiyo.

kinyozi_coventry

Wanjohi umenikumbusha. Norwich, kule mashariki, walikuwa na chama cha Mtakatifu George tangu karne ya 14, na maandamano yao yalikuwa na joka la turubai, mtu anaingia ndani analibeba, linafungua na kufunga mdomo. Wakaliita Snap. Yalipokuja mageuzi ya dini wakaambiwa mambo ya watakatifu basi. Wakamfuta George, joka likaendelea kutembea mitaani mpaka karne ya 19! Nimeliona kwenye jumba la makumbusho la ngome yao. Kwa hiyo hata Waingereza wenyewe walipolazimika kuchagua, walibaki na joka.

Shemeji_wa_Yorkshire

Mambo ya joka sawa, lakini swali la Babu halijajibiwa. Alikuuliza utaogopa. Waingereza hawaulizi swali la namna ile mara mbili. Usimzungushe kwa "no no it's fine". Mwambie ukweli kabla ya Jumamosi.

Mzee wa Kariakoo

Hapo shemeji umenena. Nafuta utani wangu wa mwanzo, ila kula bado ale.

mama_wawili

Wakuu, mrejesho.

Jana jioni nilimpelekea Babu chai ya tangawizi, nikamwambia: ikiwa peke yake dirishani, ndiyo, nitaogopa, nitatembea haraka kupita nyumba yako ingawa nakujua. Akanyamaza muda mrefu. Akasema na yeye kiangazi kile alipita chini ya zile za kwenye nguzo akajiuliza zimefungwa na nani, maana hakuna aliyebisha hodi kwake.

Nikapendekeza itandikwe mezani kama kitambaa. Hapo alikasirika kidogo, akasema bendera si ya kumwagiwa mchuzi, na hasa hiyo yenye alama ya pasi. Kwa hiyo tumekubaliana itafungwa kamba kutoka dirisha lake mpaka dirisha langu, juu ya meza, tuwe chini yake wote. Kinyozi usinune, picha tutapiga.

Waridi: mama wa Kigujarati ana bustani lakini Aprili bado hayajafunguka, Wapoland wamesema watanunua sokoni. Kila nyumba itatoa kitabu kimoja isichokihitaji na kuchukua cha mwenzake. Hilo nimelisema kwenye grupu bila kutaja Barcelona, na mama mmoja wa namba 6, ambaye hajawahi kunisalimia, amejibu ana maboksi manne.

Mwanangu alisikia habari ya Snap akiwa ngazini, akajifanya hasikii. Leo asubuhi nimekuta maboksi ya kuhamia nyumba yameshushwa kutoka darini na gundi yangu imekwisha. Ameuliza swali moja tu, aulizwe Babu: ni lazima joka life? Babu kajibu ataamua siku hiyohiyo, akishaonja sambusa.

Sasa jamani, watu kama arobaini, sambusa tatu tatu kila mtu. Unga kilo ngapi?

Binti Makunduchi

Mbili zinatosha ukisukuma manda nyembamba. Nyama kilo tatu, kitunguu kingi. Na za viazi na njegere kaanga kwanza, kwenye mafuta mapya, kabla ya za nyama. Jirani yako Mgujarati atauliza.