Kalipa zimepigwa rangi nyekundu, ndani uozo uleule: gereji za breki Mombasa, mnatutafutia kifo?

Jamani, nimekasirika na sitapunguza maneno. Nimepeleka kalipa mbili za mbele za bagi langu (kalipa ni kile kifaa ambacho pistoni zake husukuma pedi zibane diski ya gurudumu) kwenye gereji moja hapa Mombasa, jina nalihifadhi kwa sasa, nikalipa shilingi 18,000, nikarudishiwa rangi. Rangi nyekundu inayong'aa, basi. Breki sikurudishiwa.

Nilipolalamika, msimamizi akanijibu mbele ya vijana wake: "Mzee, si gari la kuchezea tu hili? Sili za Ulaya za nini?" Hapo ndipo damu ilinichemka. Bagi ni bodi ya faiba juu ya chasi ya Volkswagen Beetle iliyofupishwa, mtu analiunda mwenyewe kipande kwa kipande. Bruce Meyers alipoanza kutengeneza bagi lake la Meyers Manx kule California mwaka 1964, wapo waliomwona mtu wa mchezo vilevile, lakini 1967 Manx ikashinda mbio za Mexican 1000 katika jangwa la Baja. Na hata lingekuwa la mchezo, mimi nakaa Likoni. Gari hili linateremka ule mteremko wa feri, na mbele yangu kuna kina mama na mabeseni yao, watoto wa shule, watu wa mikokoteni, wote wanakwenda bega kwa bega na magari. Kila mtu wa ng'ambo ile anaikumbuka tarehe 29 Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri likazama na waliokuwemo. Sisemi lile lilitokana na breki. Nasema pale si mahali pa kumwambia mtu gari lake ni la kuchezea.

Kazi niliyowapa ni ya kawaida kabisa kwa pwani. Raba ya vumbi, ile inayoikinga pistoni, ikishapasuka, chumvi na unyevu huingia na kuila krome ya pistoni. Kutu ikishashika, pistoni hutoka ikisukumwa lakini hairudi, pedi zinabaki zimeng'ang'ania diski. Dawa yake inajulikana: kalipa ifunguliwe, pistoni zitolewe kwa upepo wa kompresa, mifereji ya sili (raba za duara zinazoizunguka pistoni) isafishwe, sili mpya ziingie, na pistoni iliyoliwa itupwe. Tena niliwapelekea kila kitu mkononi: seti kamili ya sili, raba za vumbi, na pistoni nne za chuma kisichoshika kutu ambazo shemeji yangu alinibebea kutoka Ujerumani. Wao walitakiwa kutoa mikono yao tu.

Kwanza wakataka kuniuzia kalipa kubwa za gari la saluni la Kijapani, eti nipandishe kiwango. Nilikataa, na vijana wanaopenda haya mambo wanisikilize. Injini ya bagi iko nyuma, mbele ni kwepesi mno. Tayari tairi za mbele zinaganda mapema kwenye lami yenye maji au mchanga, na tairi likishaganda halipindi hata uzungushe usukani vipi. Ukiweka pistoni kubwa na masta silinda, ile pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali, ikabaki ileile, mafuta yanayohitajika kuzisukuma yanazidi, kwa hiyo pedali inashuka mbali zaidi. Umelipa pesa ukanunua breki mbaya kuliko ulizokuwa nazo. Kalipa za Beetle zikiwa nzima zinatosha na kubaki kwa gari jepesi namna hii.

Siku ya kulichukua, pedali ilikuwa laini kama sifongo. Nikauliza. Nikaambiwa itakaza yenyewe baada ya kuendesha kidogo. Itakaza yenyewe! Pedali laini ni upepo ndani ya mfumo, na upepo hautoki mpaka utolewe. Sikuthubutu kuteremka nalo feri. Nililikokota polepole mpaka Tudor kwa binamu yangu, na kufika pale gurudumu la mbele kulia linanuka pedi iliyoungua, rimu haishikiki. Tukalipandisha jeki palepale.

Cha kwanza kuonekana: nipeli za kutolea upepo zinatazama chini. Kalipa ya kulia wameifunga kushoto, ya kushoto wameifunga kulia! Upepo hupanda juu, hata mtoto anajua. Zipo kalipa zenye nipeli juu na chini, lakini hizi zangu zina moja tu kila upande, na ikikaa chini utabliidi, yaani utajaribu kutoa upepo, mpaka kesho, mafuta yanamwagika na upepo uko palepale juu ya pistoni. Mtu mzima mwenye gereji ameziona nipeli zikitazama lami, akaninyooshea mkono wa malipo.

Tukafungua. Rangi ilikuwa imepulizwa mpaka juu ya raba za vumbi, zilezile za zamani zilizopasuka, na ukingo wa pedi moja umegandishwa na rangi kwenye kalipa. Ina maana walipuliza kila kitu kikiwa kimefungwa. Pistoni zangu mpya hazimo. Zimo zilezile kuukuu, zimepigwa msasa mpaka krome imetoka na chuma kinaonekana, mistari ya msasa unaihisi kwa ukucha. Pistoni ya hivyo kwa hewa ya Mombasa haitachukua muda kuota kutu upya.

Sili nayo nimeichomoa kwa kijiti, imevimba, nikijaribu kuirudisha kwenye mfereji wake haiingii. Ukiinusa, mafuta ya taa. Wallahi nilitetemeka. Raba ya breki haioshwi kwa mafuta ya taa, wala petroli, wala haipakwi grisi ya kawaida. Huoshwa kwa spiriti au mafuta ya breki yenyewe. Watu hudhani sili kazi yake ni kuzuia kuvuja tu. Ile sili ndiyo inayoirudisha pistoni: ukikanyaga inajipinda pamoja na pistoni, ukiachia inajinyoosha na kuivuta nyuma kidogo. Ikishavimba inaibana pistoni, na hapo ndipo gurudumu linapoungua.

Pistoni za ATE (kampuni ya breki ya Ujerumani), kama hizi, zina ukingo uliokatwa upande mmoja, na ule mkato hukaa kwa pembe ya nyuzi 20 ili pedi zisipige kelele. Mkato mmoja ulitazama juu, mwingine chini, mwingine popote. Na mafuta ya breki waliyotia ni ya daraja la DOT 3, kutoka kopo lililokaa wazi kwenye meza yao, nililiona kwa macho yangu. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewa. DOT 3 mbichi huchemka kwenye nyuzi 205 za selsiasi, ikishanyonya maji hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Kwa unyevu wa mji huu, kopo lililofunguliwa ni la kumwaga.

Sasa nasema wazi, na wenye gereji wanasoma humu, nawajua. Nataka pistoni zangu nne, seti yangu ya sili, na shilingi 18,000 zote kufikia Ijumaa. Picha ninazo, kalipa nimezihifadhi kama zilivyo na mafuta yao ndani ya chupa. Msiponijibu, Jumamosi jina linapanda hapa pamoja na picha.

Na wewe uliyerudishiwa kalipa za kung'aa hivi karibuni, inama sasa hivi utazame nipeli iko juu au chini. Ikiwa ni moja tu na iko chini, usiende popote na hilo gari.

Anayemjua fundi Mombasa anayekubali kufungua kalipa mwenye gari akiwa amesimama pale, aandike hapa chini, aseme na kazi aliyomfanyia. Bei yake nitalipa.